Jezi ya mitumba namba 9, na kipa anayetaka kuacha chuo

Wiki hii nimepata barua mbili kutoka hapahapa Tanga na zote mbili zinamtaja mtu mmoja wa Marekani, kwahiyo nimeona nizijibu pamoja.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimemnunulia mwanangu jezi ya mitumba pale Ngamiani, ya rangi ya chungwa, mabegani ina michirizi myeusi, mgongoni imeandikwa BURROW na namba 9. Watoto wenzie wanasema huyo ni mcheza raga, baba yake anasema ni wa kikapu, na mtoto halali mpaka aivae. Tuambie ni nani huyu tujue tunachovaa. – Mama wa watoto watatu, Chumbageni

JIBU: Dada yangu, si raga wala si kikapu. Huyo ni Joe Burrow, anacheza mpira wa Kimarekani, ule mpira uliochongoka kama yai na wachezaji wanavaa helmeti, na timu yake ni Cincinnati Bengals ya jimbo la Ohio. Ile michirizi ni ya chui milia, ndo jina la timu. Yeye anacheza nafasi inaitwa kotabeki, yani kila shambulizi likianza mpira unaletwa mikononi mwake, ana sekunde mbili tatu hivi aamue amrushie mwenzie aliyekimbia mbele, au ampe wa pembeni akimbie nao, au akimbie mwenyewe, na muda wote huo kuna majitu ya kilo 130 yanakuja kumbwaga chini. Wanapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, wakishindwa mpira wa wenzao, wakiufikisha mwisho kabisa upande wa adui hiyo ndo tachidauni, pointi 6. Mtoto aivae tu hiyo jezi, ya mtu wa maana, na umaana wake nimeuandika kwenye jibu la chini maana kuna kijana ana shida nao.

SWALI: Shikamoo Anko. Nina miaka 20, nasoma stashahada ya uhasibu hapa Tanga, nimebakiza mwaka mmoja, na ni kipa wa timu ya mtaa Makorora ila ni kipa wa tatu, msimu mzima sijadaka hata mechi moja, kazi yangu kubeba mfuko wa mipira kwenye baiskeli. Sasa kuna kiongozi wa timu ya mkoa mwingine kanipigia, anasema nikienda sasahivi nadaka moja kwa moja, ila niache chuo maana mazoezi ni asubuhi na jioni. Binamu yangu yuko Columbus, Ohio, nilipomwambia kanijibu neno moja tu, kamsome Joe Burrow. Nimetafuta naona video zake kashinda ubingwa na sigara kubwa mdomoni, sioni benchi linamhusu vipi. Kwani naye aliwahi kukaa benchi? Na kule mchezaji wa chuo anajichagulia timu ya kulipwa? Nina wiki mbili za kujibu. – Kipa wa Tatu, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Binamu yako kakupeleka panapotakiwa, ila video zimekuonyesha mwisho wa hadithi tu, ngoja nikupe mwanzo wake.

Burrow alikaa benchi miaka mitatu. Kakulia Athens, mji mdogo tu wa Ohio, baba yake alikuwa kocha wa ulinzi kwenye chuo cha pale, na mwaka 2015 akaenda Ohio State, hapohapo Columbus aliko binamu yako, chuo ambacho mtoto wa Ohio akiitwa anaona kafika. Mwaka wa kwanza hakugusa mpira kabisa, miwili iliyofuata alikuwa anaingizwa mechi ikishaamuliwa, maana mbele yake alikuwepo kotabeki wa kwanza wa chuo, J.T. Barrett, alafu 2017 msimu haujaanza akavunjika mfupa wa mkono, ule wa kulia anaorushia, na alivyopona akakuta kotabeki mdogo kwake, Dwayne Haskins, kashampita kwenye foleni. Yani kama wewe na mfuko wako wa mipira, tena yeye mbele ya watu laki moja wanaojaza ule uwanja.

Sasa hapa ndo naomba usome polepole. Enzi hizo kanuni za michezo ya vyuo kule zilikuwa ukihama chuo kwenda kingine unakaa nje mwaka mzima hauchezi, lakini kama umeshamaliza digrii yako unahama leo na msimu ukianza unacheza. Burrow alikuwa amemaliza digrii yake ndani ya miaka mitatu wakati ya kawaida ni minne. Kwahiyo Mei 2018 akafunga mizigo kwenda chuo kingine, LSU, kule Baton Rouge, jimbo la Louisiana, akiwa na misimu miwili mizima ya kucheza bila adhabu ya kukaa nje. Mkono wake watu walikuwa hawajauona bado, hakuwa na mechi ya kujivunia hata moja, kilichompa ruhusa ya kuondoka ni ile digrii. Mimi nikilifikiria hili huwa nasisimka kabisa, kwamba alivyokuwa anasoma usiku huku hachezi alikuwa anajitengenezea funguo na pengine wenzie walikuwa wanamuonea huruma.

Na usidhani alifika tu akawaka. Msimu wa 2018 ulikuwa wa kawaida, karusha tachidauni 16, timu ikafanya vizuri ila hakuna aliyekuwa anamuota. Ndo ikaja 2019. Tachidauni 60 za kurusha, ilikuwa rekodi ya ngazi ile ya vyuo, yadi 5,671, mechi 15 wameshinda zote 15. Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, na chuo cha Oklahoma, ikaisha 63 kwa 28, na tachidauni 7 alikuwa keshazirusha kabla ya mapumziko! Fainali tarehe 13 Januari 2020 kule New Orleans wakakipiga chuo cha Clemson 42 kwa 25, hiyo sigara uliyoiona ni ya usiku huo.

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko hizo namba. Mechi yake ya mwisho nyumbani, Novemba 2019, wachezaji wanatoka mmoja mmoja kuagwa, yeye katoka na jezi mgongoni imeandikwa BURREAUX, jina lake lilelile ila limeandikwa Kifaransa kama wanavyoandika wenyeji wa Louisiana, uwanja ukalipuka. Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi huyu alikaa misimu miwili akawa mwenyeji. Na Desemba hiyo alipopewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akasimama pale akawa analia, akawakumbuka watoto wa kwao Athens wanaorudi kutoka shule hawakuti chakula cha kutosha mezani. Watu wakaanza kuchangia ghala la chakula la kule na zikapatikana zaidi ya dola laki 5.

Umeuliza kama mchezaji anajichagulia timu. Hapana. Kule kuna mgao unaitwa drafti, timu 32, raundi 7, na aliyefanya vibaya kuliko wote ndo anachagua wa kwanza, wanafanya hivo ili wanyonge nao wainuke. Burrow alikuwa namba moja kabisa tarehe 23 Aprili 2020, wakati wa korona, hamna sherehe, kakaa nyumbani na wazazi wake wanaangalia tivii. Waliomchukua ni Bengals, waliokuwa wameshinda mechi 2 wakafungwa 14. Mkataba miaka minne, kama dola milioni 36, na kumbuka hadi miezi michache nyuma chuoni alikuwa halipwi mshahara, ni ada na malazi tu (siku hizi kanuni zimebadilika, wanachuo wanaruhusiwa kupata hela).

Ukishaenda timu mbovu ujue hata wanaokulinda ni wabovu. Novemba 22, 2020, msimu wake wa kwanza haujaisha, kaangukiwa mguuni, kano za goti zikakatika. Akapona, akarudi, na msimu uleule wa kurudi akawafikisha Bengals fainali, Super Bowl ya Februari 13, 2022. Hiyo niliiangalia kwenye simu, huku kwetu ilianza kama saa nane na nusu usiku, bando likaisha nikamuamsha mke wangu anirushie, na nikamuona anabwagwa chini mara 7, kila akiinuka anarudi kwenye mstari. Wakafungwa na timu ya Los Angeles Rams 23 kwa 20. Septemba 2023 wakampa mkataba mpya wa miaka mitano, dola milioni 275. Na 2024 aliongoza ligi nzima kwa yadi za kurusha, 4,918, na bado timu haikuingia hata mtoano, kotabeki mmoja hawezi kuziba kila tundu.

Ila mwanangu hao ni wachache sana. Katika kila wachezaji mia wa vyuo kule, wanaoingia ligi ya kulipwa hawafiki hata wawili.

Ntakwambia na langu. Miaka ya 90 mimi nilikuwa beki, kidato cha tatu, kiongozi mmoja wa timu, siitaji, akaja nyumbani na kiroba cha mchele na maneno matamu, nikaacha shule. Nikacheza mechi nne, nikaumia enka, hela ya hospitali akatoa mama yangu, aliuza vitenge vyake viwili. Nilipotaka kuondoka nikaambiwa barua ya kuniachia inaandikwa, ikakaa kwenye droo ya katibu miezi saba, naiona, droo nusu wazi, bahasha ya kaki ina jina langu, na kila nikienda naambiwa mwenyekiti hajasaini. Shule nayo ilikuwa imeshajaza nafasi yangu. Ndo maana nikisoma ya Burrow na ile digrii yake naumia na kufurahi kwa wakati mmoja.

Sasa fanya hivi. Mpigie huyo kiongozi usimwambie ndio wala hapana, muulize mkataba uko kwenye karatasi au uko mdomoni, ukivunjika kidole nani anakutibu, unalala wapi, na ukitaka kuondoka barua yako anaitoa kwa siku ngapi. Alafu muulize kama atakusubiri dirisha la usajili linalofuata baada ya mtihani wako wa mwisho. Akikasirika kwa maswali hayo utakuwa umeshamjua. Huku nyuma nenda kwa kocha wako wa Makorora, muombe mechi za kirafiki, hata zile za asubuhi za Jumapili ambazo kipa wa kwanza hataki kuamka, na udake hizo kama vile uwanja wa Mkwakwani umejaa.

Mitihani inaanza lini? Nitumie tarehe. Na siku utakayopangwa kuanza langoni, uwanja wowote ule, nitumie na hiyo, nakuja.