Kabla Hujampa Nabii Pesa ya Kikoba, Soma Habari za Mjane wa Sarepta

Juma lililopita dada mmoja anayenisoma aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Ameambiwa na nabii kwamba nyota yake imefungwa, aliyeifunga ni wifi yake, na ili ifunguliwe inabidi atoe sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa kila alichobakiza. Pesa hana. Swali lake kwangu lilikuwa hili: akope kwenye kikoba, au auze cherehani? Kama atoe au asitoe, hilo hakuniuliza. Alishaamua.

Dada yangu, usikope, na cherehani usiiuze. Nilikujibu hivyo usiku uleule, na ninarudia hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaosoma makala hizi mnampenda Mungu, mnataka maisha yasogee, watoto wasome, biashara isimame. Mimi pia nayataka hayo. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Linaniuma kwa sababu lilishaingia nyumbani kwetu, hapa Mbeya. Baba alipofariki, duka la kaka likaanza kuyumba, na jirani mmoja akamshawishi mama waende kwa mtumishi aliyekuwa akivuma wakati huo. Niliwasindikiza. Getini palikuwa na meza na kijana mwenye daftari kubwa la kaunta, na kila aliyeingia aliandikishwa: jina, unakotoka, shida yako, umekuja na nani. Mama alijieleza yote, mpaka habari za mdogo wake waliyegombana naye kuhusu shamba. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kama saa mbili hivi. Nabii alipofika kwa mama akafumba macho, akasema anaona kaburi jipya, anaona duka, anaona mwanamke mfupi wa damu yake mwenyewe. Watu wakapiga kelele za shangwe. Mama akaanguka akilia. Mimi nilikuwa nalitazama lile daftari, lililokuwa limeshahamishwa kutoka getini na kuwekwa nyuma ya madhabahu.

Kilichofuata sitakieleza chote. Kiwanja cha Uyole kiliuzwa, duka likafa vilevile, na mama mdogo, aliyenilipia ada ya sekondari kwa kuuza ndizi sokoni Soweto, akawa mchawi wa ukoo. Bibi alipofariki alikuja msibani kama mtoto yeyote anavyokuja kumzika mama yake. Alfajiri akaingia jikoni, akapika sufuria kubwa la ndizi na nyama. Hakuna aliyekula. Mpaka jua linazama sufuria lile lilikuwa limejaa, mafuta yamegandia juu, naye ameketi pembeni yake amefunga khanga kichwani, anatazama chini. Nilikwenda nikapakua sahani mbili, nikakaa naye tukala. Ndugu wengine hawajanisamehe mpaka leo, na mimi sijaomba msamaha wala sitaomba.

Tangu hapo nikaanza kuwasoma manabii wa Biblia mwenyewe. Kila nabii niliyekuwa namsikia Jumapili akitajwa kwenye mahubiri, nikataka nimsome kwenye sura zake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Baadaye nikaanzisha kikundi cha kusoma kwenye jumuiya yetu. Mwezi uliopita tumemaliza manabii wadogo wote 12, Hosea mpaka Malaki, na kwenye kikundi wapo akina mama walioishia darasa la saba ambao leo wanaweza kukueleza Amosi alitumwa wapi na kwa nini kuhani Amazia alimfukuza Betheli. Kwa hilo namshukuru Mungu, na ninajivunia.

Sasa twende Sarepta, maana karibu kila anayetaka pesa yako ya mwisho atakufungulia 1 Wafalme 17. Atasema: mjane alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo kwenye chupa, nabii Eliya akamwambia ampikie yeye kwanza, akatii, unga haukuisha. Basi na wewe toa ulichobakiza. Nami nakuomba usome sura nzima. Eliya alifikaje kwa yule mama? Mvua ilikuwa imekatika kwa neno alilolisema yeye mwenyewe mbele ya mfalme Ahabu, na ukame ule ukampiga hata yeye. Alijificha kwenye kijito cha Kerithi akiletewa chakula na kunguru, mpaka kijito kikakauka. Aliingia Sarepta akiwa mkimbizi mwenye njaa na kiu, katika nchi ya Sidoni, nchi ya kigeni. Alichoomba ni maji ya kunywa na mkate mdogo. Na baada ya kula hakuondoka. Alikaa nyumba ileile, akila kutoka pipa lilelile pamoja na mjane na mwanawe. Mtoto alipofariki, Eliya alimbeba akampandisha chumba chake cha juu, akamlaza kitandani pake, akajinyoosha juu yake mara tatu akimlilia Mungu. Hakumwambia yule mama kwamba mtoto amekufa kwa sababu sadaka yake ilikuwa ndogo.

Je, huyo wako atahamia kwako ale ugali na dagaa pamoja na watoto wako mpaka mvua inyeshe? Akikataa, basi habari ya Sarepta asiitumie.

Wapo watakaosema manabii walipokea zawadi tangu zamani. Ni kweli. Sauli kijana alipokuwa akiwatafuta punda wa baba yake, mtumishi wake alikuwa na robo shekeli ya fedha ya kumpa Samweli. Lakini Samweli huyohuyo, alipokuwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Ni nani niliyemdhulumu? Wakamjibu hakuna. Elisha naye aliletewa na Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, talanta 10 za fedha, dhahabu na mavazi, akakataa vyote. Aliyekimbilia kupokea sehemu yake nyuma yake alikuwa Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma wa Naamani ukamwangukia yeye.

Kanisa la mwanzo nalo liliwajua watu wa namna hii. Kuna kitabu kidogo cha mafundisho kiitwacho Didake, kilichoandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Kinaagiza kwamba mtu anayesema kwa Roho "nipe fedha," asisikilizwe, isipokuwa kama anawaombea wengine wenye shida. Nabii akiagiza meza iandaliwe kwa Roho, asile yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: uliza neno hili linamgharimu nani. Nabii Nathani alipomkemea mfalme Daudi kwa kumtwaa mke wa Uria, akamwambia "wewe ndiwe mtu huyo," aliyekuwa hatarini ni Nathani. Mikaya mwana wa Imla alisimama peke yake mbele ya manabii wapatao 400 waliomwahidi Ahabu ushindi Ramothi-Gileadi. Akapigwa kofi, akatupwa gerezani kwa mkate na maji. Aliyekufa vitani ni mfalme ambaye wale 400 walimfurahisha. Nabii wa kweli analipia neno lake mwenyewe, na anamkabili aliye juu. Amosi aliwakemea waliomuuza mhitaji kwa jozi ya viatu na kupimia watu kwa mizani ya udanganyifu. Nionyeshe mahali alipomwita mjane amwambie mchawi wako ni wifi yako.

Wa pili: akikutajia ndugu yako, inuka uondoke. Usisubiri maombi ya kufunga ibada. Mimi nimeona hilo linafika wapi.

Wa tatu: usikimbizwe na tarehe. Nabii Hanania wa Gibeoni aliahidi hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vilivyobebwa kwenda Babeli vingerudi. Yeremia alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, akaongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia watu wote wakiona, na Yeremia akaenda zake. Hanania alikufa mwaka uleule, na miaka miwili ikapita vyombo havijarudi. Neno la Mungu halina haja ya wewe kukopa kabla ya Ijumaa.

Usije ukaniambia nadharau unabii. Paulo anasema "msitweze unabii," na papo hapo anasema "jaribuni mambo yote." Manabii wawili au watatu waseme, wengine wapambanue. Kupambanua ni kazi tuliyopewa, wapendwa, na tumeiacha kwa uvivu wa kusoma. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Ni mama zetu na watoto wetu. Tukiendelea kukaa kimya makanisani tutaulizwa.

Ukitaka kuanza kusoma, anza na Amosi, ni sura 9 tu, unamaliza jioni moja. Kisha 1 Wafalme 17 mpaka 22, halafu Yeremia 26 mpaka 29, ongeza na ya 36. Ezekieli na Zekaria waache mwishoni, wana maono mazito. Someni wawili au watatu pamoja kwa sauti. Mkikwama niandikieni. Alhamisi jioni nakuwa na kikundi, siku nyingine najibu.