Machipukizi makavu ya mianzi: yanunue kwa pua, si kwa macho

Watu wengi huonja machipukizi makavu ya mianzi mara moja tu wakayakinai, na kwa ninavyoona mimi, shida huanzia dukani. Mnunuzi huvutwa na rangi. Anaona pakiti ya vipande vya manjano vinavyong'aa, pembeni yake vingine vya kahawia vilivyojikunja, basi anabeba vya manjano. Nakusihi uchukue vile vya kahawia.

Chipukizi likishachemshwa, kisha likaanikwa juani au likakaushwa juu ya moshi, kama wafanyavyo Vietnam na kusini mwa China, hugeuka rangi lenyewe na kuwa kahawia, tena si kahawia moja kila mahali. Ukiona manjano makali yaliyolingana kipande kwa kipande, shuku salfa. Moshi wa salfa huzuia ukungu na kutunza rangi, ila mabaki yake hukaa ndani ya chipukizi, na mtu mwenye pumu yanaweza kumbana kifua. Kwa hiyo nusa kwanza, kama muuzaji anaruhusu kufungua mfuko. Chipukizi zuri lina harufu ya majani makavu, yenye uchachu au moshi kwa mbali. Likikuchoma pua kama njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, lirudishe. Kwa pakiti iliyofungwa, soma maandishi: salfiti, yaani kemikali hizo za salfa, huandikwa kwa namba kuanzia E220 hadi E228, na katika Umoja wa Ulaya ni lazima zitajwe zikizidi miligramu 10 kwa kilo.

Baada ya pua, mkono. Pinda ncha nyembamba. Iliyokauka sawasawa huvunjika, iliyobaki na unyevu hunyumbuka, na hiyo haitachukua muda kabla ya kuota ukungu. Angalia pia vitundu na ungaunga chini ya mfuko, maana dumuzi anayapenda sana. Chembe nyeupe ngumu zilizojificha kwenye vyumba vya ndani zisikutishe: mara nyingi ni tairosini, asidi amino (kijenzi cha protini) ya chipukizi lenyewe. Ukungu huwa na manyoya na harufu ya uvundo, ukishaujua hutauchanganya na kitu kingine.

Kisha tazama mafundo. Yakiwa yamekaribiana, hiyo ni sehemu ya juu, laini. Yakiwa yameachana na nyuzi zinaonekana wazi, umeshika sehemu ya chini ya chipukizi, ambayo unaweza kuichemsha kutwa nzima na bado ikakwama kwenye meno. Mimi sinunui sehemu ya chini hata iwe rahisi vipi. Kwa supu napenda vile vipande vinene bapa vya ncha, na vile vyembamba vya mkanda naviweka kwa kukaanga.

Kuroweka ndiko kunakotaka subira. Vipande vyembamba hutosheka na usiku mmoja, vinene vinataka saa 24 hadi 48. Maji ya kwanza natumia yale ya kuoshea mchele, kama wafanyavyo wapishi wengi wa Asia, baadaye maji ya kawaida yanayobadilishwa asubuhi na jioni. Kukiwa na joto, weka bakuli kwenye friji, la sivyo maji yatachacha na harufu haitatoka tena. Tumia bakuli kubwa kuliko unavyodhani, kwani yanafura mno.

Halafu chemsha, na sufuria usiifunike. Chipukizi bichi la mwanzi lina taksifilini, inayozalisha sianidi, sumu ile ile inayotokana na muhogo mchungu. Kukausha na kuchemsha huiondoa kwa sehemu kubwa. Hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, hivyo sufuria ikiwa wazi huondoka na mvuke. Anza na maji baridi, chemsha nusu saa au zaidi, mwaga, suuza, rudia. Acha pale maji yatakapobaki karibu meupe na kipande ukikionja hakina uchungu. Maji hayo usiyafanye supu, hata yanukie vizuri namna gani.

Kati ya mchemsho mmoja na mwingine, fungua kila kipande kwa kidole upitishe maji kwenye vile vyumba vya ndani, maana ndimo uchafu unamojificha. Bonyeza kwa ukucha: ukizama bila kukutana na nyuzi, kimeiva. Pasipozama kata utupe. Kisha chana kwa mkono kufuata nyuzi badala ya kukata kwa kisu. Upande uliochanika una mikwaruzo mingi, na mchuzi hushika hapo.

Sasa mafuta. Chipukizi likipikwa bila mafuta huwa kavu mdomoni, ndiyo maana Vietnam, wakati wa Tết, sikukuu yao ya mwaka mpya, hulipika na miguu ya nguruwe, na siku nyingine na bata juu ya tambi za mchele. Usiyekula nguruwe, bata anafaa kabisa, au kuku mwenye ngozi, au mbavu za ng'ombe zenye mafuta. Kamua maji kwanza, kaanga na kitunguu na mchuzi wa samaki mpaka yaanze kunukia, ndipo uyatie kwenye supu yachemke taratibu hadi nyama ilainike.

Yako pia yanayokaushwa na chumvi, kama ya milima ya Tianmu katika mkoa wa Zhejiang, China. Hayo onja baada ya kuroweka kabla hujagusa chumvi nyingine. Na menma, machipukizi ya Wajapani yanayowekwa juu ya rameni (supu yao ya tambi), huchachushwa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo uchachu wake ni wa kawaida, si dalili ya kuharibika.

Yaliyochemshwa yakizidi, yagawe kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja uyagandishe. Yatalegea kidogo, lakini kwenye supu hutaona tofauti. Makavu yakae kwenye chombo kisichopitisha hewa, na msimu wa mvua yafungue mara kwa mara uyanuse.