Potasiamu kidogo inavyomaliza radikali kwenye moto

Umeuliza inakuwaje potasiamu kiduchu inashusha radikali (vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana, kama H na OH) nyingi hivyo kwenye gesi ya moto mkali. Ni kwamba haitumiki ikaisha, inazunguka tu. H na OH zikigongana zenyewe zinatoa nishati kubwa, sasa pasipo na molekuli ya tatu ya kuibeba zinaachana hapohapo, na kukutana watatu kwa mpigo ni nadra, ndo maana gesi ikishapita sehemu inayowaka radikali zinabaki nyingi kuliko msawazo wa joto lile, yaani kile kiwango ambacho kuungana na kuvunjika vinalingana. Potasiamu inaikata kazi vipande viwili, K (ndo potasiamu yenyewe) inashika OH inakuwa KOH (hapa bado wa tatu anahitajika), halafu KOH inapigwa na H, yanatoka maji na K inarudi ilivyokuwa, raundi nyingine. Hiyo ya pili haingoji mtu wa tatu, utamu wote uko hapo.

Chuma nacho kinacheza hivyohivyo kupitia FeOH na Fe(OH)2, yaani chuma kilichoshika OH moja au mbili, sehemu 100 hivi kwa milioni tayari unaona moto unapungua kasi, ila usijaze tu, mvuke wake ukizidi unaganda kuwa vichembe na nguvu inapotea. Bromini (Br) ya Halon 1301, gesi ya kuzimia moto, ni ndugu yao, HBr (bromini iliyoshika H) inakula H inatoa H2 na Br. Na kama radikali zimeshashuka hadi msawazo basi hutaona kitu, kichocheo kinakufikisha haraka, hakisogezi mwisho wa safari.