Ukisoma utafiti wa dawa, anza na kilichopimwa

Wasomaji wengi wa makala za utafiti wa dawa hurukia hitimisho. Nenda kwanza kwenye sehemu ya mbinu, utafute jambo moja: watafiti walipima nini? Kushuka kwa presha, sukari au lehemu ni kiashiria tu. Mgonjwa anachotaka kujua ni kama ataishi zaidi, au kama ataepuka kiharusi.

Tofauti hiyo imegharimu maisha. Miaka ya 1980, waliopona shambulio la moyo wakabaki na mapigo yasiyo na mpangilio walipewa dawa za kuyatuliza, na mapigo yalitulia kweli. Jaribio la CAST likauliza swali lililorukwa: je, vifo vinapungua? Waliingizwa wale tu ambao dawa ilikuwa imeshawatuliza mapigo, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 755 waliotumia enkainidi au flekainidi, dawa mbili za kutuliza mapigo hayo, walifariki 63. Kati ya 743 waliopewa plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, walifariki 26. Ripoti kamili ilitoka mwaka 1991. Kiashiria kilipendeza, watu wakafa.

Tumia namba hizo hizo kujifunza hesabu. 63 gawanya kwa 755 ni asilimia 8.3, 26 gawanya kwa 743 ni asilimia 3.5. Ukitoa, unabaki na 4.8. Sasa gawanya 100 kwa 4.8: katika kila watu 21 hivi waliotibiwa, kifo kimoja kiliongezeka, na hiyo ni kwa wastani wa miezi kumi tu. Fanya hesabu hii kila unapoambiwa dawa "inapunguza hatari kwa nusu". Kutoka wagonjwa 200 hadi 100 katika kila 1,000 ni nusu; kutoka 2 hadi 1 pia ni nusu. Ya kwanza inahitaji kutibu watu 10 ili kumwokoa mmoja, ya pili 1,000, na madhara wanayapata wote wanaomeza.

Kisha tafuta namba ya usajili wa jaribio, mara nyingi herufi NCT na tarakimu nane, uifungue kwenye rejista ya majaribio, ClinicalTrials.gov. Linganisha kipimo kikuu kilichoandikwa kabla ya jaribio na kile kinachosifiwa kwenye makala. Kikiwa kimebadilishwa bila maelezo, punguza imani yako sana. Ukipima vitu ishirini, kimojawapo kinaweza kuonekana kimefaulu kwa bahati tu.

Angalia pia walioacha njiani. Wanaoshindwa na madhara ndio huondoka, kwa hiyo wakitolewa kwenye hesabu, dawa hung'aa isivyostahili. Kila mtu ahesabiwe katika kundi alilopangiwa mwanzoni, hata kama aliacha vidonge wiki ya pili.

Na ukisoma kwamba "hakuna madhara makubwa yaliyoonekana", uliza kati ya watu wangapi. Chukua 3, gawanya kwa idadi yao. Watu 300 bila tukio hata moja: bado tukio linaweza kumpata mtu 1 kati ya 100. Wakiwa 3,000, 1 kati ya 1,000. Ndiyo maana madhara adimu hujitokeza dawa ikishaingia madukani, na taarifa za wagonjwa na wafamasia baada ya hapo ni sehemu ya utafiti wenyewe.