Maswali Yenu: Kivinjari na Siri Zako

(Majina ya vitufe tunayotaja ni ya simu au kompyuta iliyowekwa Kiswahili. Ikiwa yako ni ya Kiingereza, mpangilio ni uleule.)

SWALI: Nilijaza ritani za KRA (mamlaka ya kodi) kwenye saiba moja hapa Kondele. Nilifungua Gmail nikapakua fomu yangu ya P9, nikaichapisha, nikaenda zangu. Usiku nikakumbuka kuwa sikuondoka kwenye akaunti. Nifanyeje? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, Gmail unaweza kuifunga ukiwa kitandani. Kwenye simu, ingia myaccount.google.com, uguse Usalama, kisha sehemu ya vifaa vyako. Kompyuta ya saiba itaonekana kwenye orodha, mara nyingi kwa jina la Windows, pamoja na wakati ilipotumika mara ya mwisho. Iguse, halafu Ondoka.

Ukishamaliza, badilisha nenosiri la Gmail na la iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani. Kivinjari huuliza kama kihifadhi nenosiri, na mtu mwenye foleni nyuma yake hubonyeza chochote. Lililohifadhiwa hubaki kwenye mashine ile hata akaunti ikishafungwa.

Kitakachokurudisha Kondele ni ile P9. Ina PIN yako na mshahara wa mwaka mzima, na bado iko kwenye folda ya vipakuliwa. Ichague, ubonyeze Shift na Delete pamoja. Ukibonyeza Delete peke yake, faili inahamia kwenye pipa la taka tu, na yeyote anaweza kuiokota.

Siku nyingine, kabla ya kufungua chochote kwenye Chrome, bonyeza picha ya wasifu juu kulia, uchague Mgeni. Ukifunga dirisha hilo, historia na kuki zote (vijifaili ambavyo tovuti huacha ili zikukumbuke) huondoka. Faili ulizopakua haziondoki. Hizo utazifuta mwenyewe. Wengine hukimbilia Ctrl, Shift na Delete ili wafute historia yote. Kwenye saiba hatupendekezi: utafuta na ya wenzako, na kama akaunti yako imesawazishwa na Chrome ile (yaani historia yako inafuatana kwenye vifaa vyako vyote), historia ya simu yako nayo huenda ikafutika. Na kama uliunganisha WhatsApp ili upate faili ya kuchapisha, fungua WhatsApp kwenye simu, vitone vitatu, Vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta hiyo. Hii ndiyo watu husahau zaidi.

SWALI: Simu yangu inaleta matangazo ya kamari kila dakika, hata nikiwa sijafungua intaneti. Fundi anataka kuiflashi. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usimlipe kwanza. Tazama jina lililo juu ya tangazo. Likiwa Chrome, hakuna kirusi. Kuna tovuti uliyoipa ruhusa, pengine ile iliyokwambia ubonyeze Ruhusu ili kuthibitisha wewe si roboti. Kufuta historia peke yake si dawa, kwa kuwa ruhusa hukaa mahali pengine. Fungua Chrome, vitone vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Zuia kila tovuti usiyoijua kwenye orodha. Ukitaka kupumzika kabisa, zima swichi ya juu ili tovuti zisiombe tena. Jina likiwa la programu nyingine, basi ifute programu hiyo.

SWALI: Bando langu linaisha nikisoma magazeti tu mtandaoni. – Kakamega

JIBU: Sehemu kubwa ya bando hilo inaliwa na matangazo na vifuatiliaji, yaani vipande vya programu vinavyofuata unachofanya mtandaoni. Chrome ya Android haipokei viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari uwezo), lakini Firefox inapokea. Weka Firefox, fungua menyu, Viendelezi, uongeze uBlock Origin, kinachozuia matangazo. Kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya ufuatiliaji, chagua kiwango kikali. Kiwango hicho kina kasoro yake: kurasa fulani, hasa za malipo, hukataa kufunguka. Hapo gusa alama ya ngao kando ya anwani, uzime ulinzi kwa tovuti hiyo pekee. Usibomoe ukuta mzima kwa sababu ya mlango mmoja.

Ukibaki na Chrome, nenda Faragha na usalama, uzime upakiaji wa kurasa mapema. Chrome hupakua kurasa inazodhani utazigusa, na usipozigusa bando limeshakwenda.

SWALI: Hali fiche ya kivinjari (Incognito) inanificha kwa mwenye waifai? – Kisumu

JIBU: Hapana. Inakuficha kwa mtu atakayeshika simu hiyo baadaye, basi. Mwenye waifai bado anaweza kuona majina ya tovuti unazotembelea. Unachoandika ndani ya ukurasa wenye https hakioni.

SWALI: Mama haoni maandishi ya Chrome. – Bungoma

JIBU: Mipangilio ya Chrome, Ufikivu, sogeza kitelezi hadi asilimia 150 umpe asome. Kuna tovuti ambazo hukatika pembeni maandishi yakizidi. Akilalamika, shuka hadi 130.