Nimpeleke mama Patmo, siku moja inatosha?

SWALI: Shikamoo anti. Mama yetu ni mlokole kabisa, Ufunuo anaujua nje ndani, sasa sisi watoto tumechanga tumpeleke Ugiriki akaone kisiwa alichokaa Yohana. Ajenti anasema siku moja inatosha, tunashuka na meli ya watalii asubuhi jioni tunaondoka. Ni kweli? Na ndege zipo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu, hongereni kwa kuchanga. Ndege hakuna, kisiwa hakina uwanja. Mnashuka Athens mnaenda bandari ya Piraeus mnapanda feri, masaa saba nane hivi na mara nyingi ni usiku, ama mnaruka hadi kisiwa cha Kos au Samos halafu mnachukua boti.

Hiyo siku moja mimi siitaki. Watu wa meli wote wanaenda saa ile ile kwenye pango wanaposema Yohana alipata Ufunuo, na pale ni padogo, mtasukumana kama stendi ya matatu. Laleni hata siku mbili tatu, muende asubuhi pakifunguliwa tu. Mtaona ufa kwenye mwamba umegawanyika mara tatu, wanasema sauti ilitokea hapo, na kishimo kilichozungushiwa fedha ambapo eti Yohana alikuwa analaza kichwa. Mama akae hapo asome taratibu Ufunuo 1:9. Ila kuna ngazi za kushuka na kupanda, magoti yake mnayajua nyinyi.

Juu zaidi, kwenye mji wa Chora, kuna monasteri ya Mtakatifu Yohana iliyoanzishwa 1088 na mtawa Christodoulos, utadhani ngome, maana maharamia walikuwa wanasumbua. Humo wanatunza kurasa za Injili ya Marko za karne ya 6, ngozi ya zambarau, maandishi ya fedha. Mwambieni mapema kwamba wale ni Waorthodoksi, wanabusu picha za watakatifu, asije akaanza kukemea kwa sauti jamani! Na abebe leso, mabega na magoti yafunikwe.

Nendeni Mei au Septemba. Agosti watu wamejaa na upepo unaweza kuzuia feri, wakati wa baridi nazo feri ni chache. Mkiangukia Pasaka yao, Alhamisi Kuu abate, yaani mkuu wa monasteri, anaosha miguu ya watawa 12 hadharani, hiyo msikose.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya kuanzia euro 30,000. Na huyo ajenti muulizeni, hiyo siku moja yake ni masaa mangapi mguu ukiwa nchi kavu?