Mtoto wa German Shepherd mwenye manyoya ya kijivu
Dada wa Kasarani, umeuliza kama huyo mtoto wa German Shepherd mwenye manyoya ya kijivu ni chotara, maana wazazi wake wote ni weusi wenye kahawia. Si lazima. Mbwa anaweza kubeba jeni inayofifisha weusi bila kuonyesha dalili. Mtoto akirithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, hutoka hivyo. Mtoe nje mchana umtazame pua na kingo za macho. Zikiwa za kijivu cha moshi badala ya nyeusi tii, ndiyo hiyo, na haitabadilika akikua. Kuongezewa bei eti rangi ni adimu, usikubali kabisa! Viwango vya Marekani vya mbwa wa aina hii vinaihesabu rangi hiyo kuwa kasoro kubwa. Mkague ngozi pia, kwani baadhi yao hunyonyoka manyoya wakikua.